Oili kati ya injini na giaboksi: jua inatoka wapi kabla hujashusha

Ukilala chini ya Hiace yenye injini ya 3L ukakuta tone limening'inia kwenye kile kitundu cha chini ya kasha la klachi, fundi wa kwanza utakayemwita atakwambia: "Sili ya krenki ya nyuma hiyo, bosi. Tushushe giaboksi." Huenda yuko sahihi: sili hiyo ni mpira wa duara unaozuia oili isitoke pale krenki, shafti kuu ya injini, inapotokeza nyuma. Ila kitundu kile ni kama mtaro wa mtaa. Maji ya kila nyumba yanapita humo, na ukikuta povu mtaroni huwezi kujua nani kafua leo mpaka uufuate mtaro nyumba kwa nyumba.

Nimeshusha giaboksi za bure, na si moja. Ya kwanza niliishusha kwa haraka za ujana, nikaweka sili mpya, jioni tukawasha gari na tone likarudi palepale. Oili ilikuwa inatoka kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, inashuka mgongoni mwa injini, inajipenyeza pale injini inapokutana na giaboksi, halafu inatokea chini kana kwamba imezaliwa humo. Gasketi ya saa moja niliigeuza kazi ya siku nzima, na siku ile sikuthubutu kudai hela ya ufundi.

Nitaitumia 3L kama mfano kwa sababu ndiyo inayojaa gereji zetu: dizeli ya silinda nne, cc 2,779, haina tabo, giaboksi imefungwa nyuma yake na propela inapeleka nguvu kwenye tairi za nyuma. Mwenye 2L, 5L au 1HZ ya Land Cruiser atajikuta nyumbani. Mwenye gari la kuvuta tairi za mbele atabadilisha namna ya kushusha tu, dalili ni zilezile.

Na kitundu chenyewe usikizibe. Kimeachwa makusudi ili oili ikivuja itoke nje isituame ikafika kwenye klachi. Land Rover za zamani zilikuwa na kizibo chake, unakifunga ukitaka kuvuka maji ya kina, ukishavuka unakitoa. Nimeona watu wameziba kwa silikoni ili "gari lisichafue sakafu", kisha miezi miwili baadaye wanalalamika klachi inateleza.

Hilo tone ni la nani?

Tandika boksi jeupe chini ya gari usiku kucha. Asubuhi unayo ramani: kuna matone mangapi, yako chini ya kitu gani, rangi gani.

Rangi ni shahidi wa kwanza lakini ni shahidi muongo. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa, na oili ya giaboksi hukaa na rangi ya asali kwa muda mrefu. Tatizo ni kwamba oili ya giaboksi ikipita ndani ya kasha la klachi inabeba vumbi la klachi, inatoka nyeusi kama ya injini. Kwa hiyo nusa. Oili ya gia ina viungo vya salfa, harufu yake ni kali, inafanana na kiberiti na yai viza, na ukiisha kuijua hutaisahau. Isugue kati ya vidole: ni nzito, inavutika, na harufu inabaki mkononi hata ukinawa kwa sabuni mara mbili. Oili ya injini ya dizeli inanukia moshi, na inapaka weusi kwenye mistari ya vidole.

Kimiminika kikiwa chepesi kama maji na kinateleza, dondosha kidogo kwenye kikombe cha maji. Oili itaelea. Breki fluidi itachanganyika na maji ipotee. Hapo tatizo lako ni silinda ndogo ya klachi, ile inayosukuma uma wa kuachia klachi. Kwenye Hiace imefungwa nje ya kasha, unafunua mpira wake na kuona unyevu bila kushusha chochote. Magari mengi ya Ulaya ya siku hizi yana silinda hiyo ndani ya kasha, imezunguka shafti, na huko hakuna njia ya mkato. Dalili inayokwenda nayo ni pedali ya klachi kushuka chini au gia kugoma kuingia, na kikopo cha breki fluidi kupungua.

Mara chache utakuta maji ya rejeta. Nyuma ya bloku, nyuma kabisa ya flaiwili (lile gurudumu zito la chuma mwishoni mwa krenki), baadhi ya injini zina vizibo vya bati vya njia za maji, na vikiliwa na kutu vinavujia mlemle. Rangi ya kuleanti itakwambia. Ukiwa umezoea kujaza maji ya bomba, kutu itakwambia.

Ukimaliza kunusa, pima. Weka alama usawa wa oili kwenye dipstiki ya injini. Kisha fungua nati ya kujazia ya ubavuni mwa giaboksi, gari likiwa sawa: oili inatakiwa ifike ukingoni mwa tundu, uiguse kwa ncha ya kidole. Rudia baada ya wiki. Chombo kilichopungua ndicho kilichovuja, na hapo hakuna ubishi wa mafundi.

Panda juu kabla ya kushuka chini

Oili haipandi, isipokuwa ikisukumwa na upepo. Kwa hiyo tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa, si ya chini iliyolowa zaidi.

Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, na hilo ndilo linalowadanganya wengi: hakuna anayejisumbua kunyanyua kiti. Nyanyua. Osha mgongo wa injini kwa dizeli au sabuni ya kuoshea injini, kausha, endesha kilomita kumi hivi, rudi na tochi. Usipoosha kwanza utakuwa unasoma historia ya miaka mitano badala ya habari ya leo. Kama huoni vizuri, puliza poda ya mtoto sehemu uliyokausha. Oili ikipita itachora njia yake kwenye poda. Kuna pia rangi ya kuchanganya kwenye oili inayong'aa kwa tochi ya mwanga wa zambarau. Inafanya kazi vizuri, lakini poda inapatikana kila duka.

Haya ndiyo maeneo ninayoyapitia, kutoka juu. Tapeti kava, hasa kona ya nyuma. Chini yake, mwishoni mwa silinda hedi, injini nyingi za Toyota zina kizibo cha mpira cha nusu mwezi ambacho hufungwa kwa silikoni. Mpira ukikauka unatoa oili kidogo kidogo moja kwa moja kuelekea kasha la klachi. Nimewahi kukitafuta siku nzima kwa sababu hakionekani isipokuwa kwa kioo. Halafu swichi ya oili. Halafu pampu ya vakyumu ya breki, ambayo kwenye injini hizi imepanda mgongoni mwa oltaneta na inalishwa oili ya injini kwa mipira yake; mpira wa kurudisha oili ukilegea, upepo wa safari unaipeleka oili nyuma yote. Mwisho sampu, karai la oili la chini ya injini, kwenye kona zake za nyuma pale inapokutana na kifuniko kinachoshika sili. Sampu iliyowahi kufunguliwa na kubandikwa silikoni juu ya silikoni ya zamani ni mshukiwa mkubwa.

Ukikuta juu kote kukavu na unyevu unaanzia ndani ya kasha, sasa ndiyo tunaongea habari za sili.

Injini inayopumua

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotea.

Sili ya krenki haikutengenezwa kuzuia presha. Kazi yake ni kukwangua oili irudi ndani. Moshi unaopita kwenye ringi za pistoni ukishuka kwenye sampu unahitaji njia ya kutoka, na njia hiyo ni brida: mpira unaotoka tapeti kava kwenda kwenye njia ya hewa. Brida ikiziba, presha inatafuta mlango mwingine, na mlango dhaifu ni midomo ya sili.

Hiace moja ililetwa kwangu ikiwa imeshabadilishwa sili ya nyuma mara mbili ndani ya mwezi, mahali pengine. Mwenye gari alikuwa ameshakubali kwamba sili zote mjini ni feki. Kabla sijagusa spana nikafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Kikaruka mkononi. Nikafuata mpira wa brida: mtu alikuwa ameubadilisha kwa mpira wa maji mrefu kuliko unaotakiwa, ukajikunja chini ya kichujio cha hewa kama shingo ya bata. Nikaukata, nikaurudisha, basi. Sili ileile ya pili ikanyamaza.

Kwa hiyo fanya jaribio hilo kila mara. Geuza kifuniko cha oili juu chini, kilaze juu ya tundu lake. Dizeli yenye umri inapuliza kidogo na kifuniko kinatikisika. Hilo ni la kawaida. Kikirushwa, au moshi ukitoka kwa mapigo kama bomba la meli, chomoa mpira wa brida urudie. Presha ikiisha ulipochomoa, mpira au njia yake imeziba. Isipoisha, ringi zimechoka na injini inadai ovahoo. Sili mpya itadumu kidogo tu, na ni vizuri mwenye gari aambiwe mapema kuliko kuambiwa baadaye.

Jaribio la pili halihitaji kifaa chochote. Mtu mmoja akanyage na kuachia pedali ya klachi, wewe tazama puli ya mbele ya krenki, injini ikiwa imezimwa. Krenki inaruhusiwa kucheza mbele na nyuma sehemu ndogo ya milimita, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Ukiiona puli inakwenda na kurudi, vibati vya kuzuia krenki isisogee vimekwisha. Krenki inayotembea hivyo itaharibu sili yoyote utakayoweka, iwe ya Japani au ya wapi.

Klachi nayo inasema

Klachi ikilowa inajulikana kabla ya kufunguliwa. Gari linapanda mlima, injini inapiga kelele, spidi haiongezeki. Au linatetemeka likiondoka, kama mtu aliyepigwa na baridi. Kuthibitisha: vuta handbreki, weka gia ya nne, ongeza mafuta kidogo, achia klachi taratibu. Injini inatakiwa izime. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Fanya mara moja tu, ukirudiarudia utaichoma mwenyewe.

Hapa ndipo ninapoamua kushusha au kutoshusha. Tone moja au mawili kwa usiku, klachi kavu, dipstiki haishuki kwa macho: mimi nasema acha. Angalia oili kila wiki, subiri klachi ifike wakati wake, fanya vyote kwa mshuko mmoja. Klachi inateleza, au unaongeza oili kila siku chache: shusha sasa. Zile dawa za kumimina ili sili ivimbe nimeziona zikisaidia sili iliyokauka kwa muda. Sili iliyochanika au krenki iliyochimbika haziwezi.

Baada ya kushusha, usifute kwanza

Tanguliza mambo mawili ya usalama. Chomoa waya hasi wa betri kabla ya kugusa stata. Na giaboksi hii haibebwi kwa kifua na mtu mmoja aliyelala chini. Weka gari juu ya stendi, zuia tairi, tumia jeki ya giaboksi au watu wawili. Usiiache ining'inie kwa shafti yake ndani ya klachi, utapinda kitovu cha klachi pleti, ile sahani inayobanwa kwenye flaiwili. Vumbi la klachi nalo usilipulize kwa upepo wa kompresa, klachi za zamani zilikuwa na asbesto. Lowesha, kisha futa.

Vijana wengi wakishashusha wanachukua tambara. Mwambie aweke tambara chini. Ule uchafu ndio ushahidi.

Angalia flaiwili na klachi kwanza. Uso wa flaiwili unaotazama giaboksi ukiwa mkavu, lakini mgongo wake na ukuta wa bloku vimelowa, oili inatoka injini: ama sili, ama gasketi ya kifuniko cha sili, ama kizibo cha njia ya oili nyuma ya bloku. Ukikuta ndani ya kasha la giaboksi kumelowa kuzunguka shafti ya mbele, rilisi beringi (ile inayosukumwa na uma kuachia klachi) imelowa, na matone yamerushwa kwenye presha pleti, ile inayobana klachi pleti, basi giaboksi ndiyo mkosaji. Na kama mduara wa oili unaanzia kwenye boliti za flaiwili zenyewe, zipo injini ambazo matundu ya boliti hizo yanatokea ndani kwenye oili, na boliti zilirudishwa bila gundi ya nyuzi. Nimeona sili nzima ikitupwa kwa kosa la boliti.

Toa flaiwili baada ya kuweka alama ya jinsi ilivyokaa. Sasa ndipo ukaushe, uwashe tochi, na usome mchirizi unaanzia wapi: kwenye mdomo wa sili, nje ya sili, au chini ya kifuniko.

Kuweka sili

Toa ya zamani bila kukwaruza krenki. Bisibisi ni sawa kama ncha umeifunga kwa tepu na unaegemeza upande wa sili. Pitisha kucha pale sili ilipokuwa inasugua. Kucha ikinasa, kuna mfereji, na sili mpya ikikaa mahali palepale itavuja hata iwe ya bei gani. Dawa yake ni kuikalisha milimita moja au mbili kando ili mdomo upate chuma kipya, kama kifuniko kinaruhusu, au kuvisha krenki bangili nyembamba ya chuma inayotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukisafisha kwa msasa laini, zungusha msasa kufuata mzunguko wa krenki. Mikwaruzo ya kwenda mbele na nyuma inageuka mifereji midogo inayotoa oili nje.

Halafu soma karatasi ya sili. Sili ya mpira wa kawaida inapakwa oili mdomoni kabla ya kuingizwa. Sili za teflon, zile zenye mdomo mpana usio na springi, nyingi huwekwa kavu juu ya krenki safi na kavu. Ukipaka oili kwa mazoea umeiharibu. Ulizia pia malighafi: mpira wa bei rahisi unakuwa mgumu kama plastiki ukikutana na joto la dizeli. Ukinunua Kariakoo au Kirinyaga Road, nenda na ile ya zamani mkononi, linganisha vipimo vilivyoandikwa juu yake, na ukunje mdomo kwa kidole kabla hujalipa.

Ingiza kwa usawa. Bomba pana au kipande cha bati bapa, unagonga kwa kuzunguka, si upande mmoja. Sili iliyoingia mshazari itavuja siku hiyo hiyo. Kifuniko cha sili kikitolewa kibadilishiwe gasketi, na pale kinapokutana na sampu weka silikoni mpya juu ya chuma kilichokwanguliwa hadi king'ae, uzi mwembamba tu. Silikoni inayobanwa ikaingia ndani hukatika, ikaenda kuziba kichujio cha pampu ya oili. Iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu.

Sili ya giaboksi, hata kama si mkosaji

Giaboksi iko chini, sili yake ni ndogo na bei yake ni ndogo, ibadilishe. Ipo ndani ya kile kibomba ambacho rilisi beringi inateleza juu yake. Kabla ya hapo angalia vitu viwili ambavyo huifanya ivuje bila kosa lake. Kimoja ni brida ya giaboksi, kifuniko kidogo juu yake ambacho tope la mvua hukiziba. Oili ikipata joto hewa inapanuka, inasukuma sili. Kingine ni kujaza kupita kiasi, tabia ya wanaoamini oili nyingi ni upendo. Dalili ya sili hii ni kwamba huvuja zaidi gari likitembea, au likilala usiku limeinamisha pua mlimani. Ukishikashika shafti ikacheza sana, beringi imekwisha na sili pekee haitoshi.

Klachi pleti iliyolowa tupa. Najua watu huiosha kwa petroli na kuiwasha moto. Ule utando umeshanyonya oili, ukipata joto unaitema, na wiki mbili baadaye unashusha tena. Flaiwili osha kwa dawa ya kusafishia breki, isugue kwa msasa. Boliti zake zikazwe kwa kupishana, moja kisha ya upande wa pili, kwa hatua, na spana ya kupimia, kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Pangilia klachi pleti kwa shafti ya zamani ya giaboksi au mti uliochongwa na kufungwa tepu, upande wenye kitovu kirefu utazame giaboksi kama pleti yenyewe haikuandikwa vingine. Grisi ya meno ya shafti iwe ya kupaka kwa kidole, isiyozidi.

Jaza oili zote mbili, endesha kilomita ishirini, na usishtuke ukiona tone siku ya kwanza. Kasha lina pembe nyingi na mabaki ya zamani hutiririka bado. Futa, tandika boksi jipya. Siku ya tatu ndiyo ninayoiangalia mimi, na simpi mwenye gari funguo bila kumwonyesha hilo boksi.